Sukari Nguru Ndani ya Bodi

Mimi huosha bodi za laptopu kwa maji. Nasema mapema ili anayetaka kushtuka ashtuke sasa, tuendelee. Maji yale yale ambayo kila mtu huambiwa ayaweke mbali na umeme, mimi nayamimina kwenye karai la plastiki, nalaza bodi humo, nachukua mswaki laini na kuanza kusugua. Bodi ni ile sahani nyembamba iliyo tumboni mwa laptopu, ambayo vitu vyote vya maana vimechomelewa juu yake. Mteja akiniona mara ya kwanza hushika kichwa. Mwenzangu tuliyepanga naye chumba kimoja mjini Kakamega, yeye upande wa simu na mimi upande wa laptopu, huwaambia, "Huyu anaogeshanga kompyuta kama mtoto mchanga. Msimjali." Hunitania hivyo mchana kutwa, lakini bodi zikimshinda huzileta mezani kwangu zimefungwa kwenye gazeti, kimya kimya.

Najivunia kazi hii na sioni kwa nini nijifiche. Zamani mteja akiingia na kunikuta peke yangu, mwanamke, kisha aulize fundi yuko wapi, nilikuwa nachemka. Siku hizi namjibu, "Ametoka kidogo, acha nikuangalizie." Namwangalizia mpaka mashine iwake, ndipo namwambia kwamba fundi amesharudi. Wengine hucheka. Wengine huona haya, kisha hurudi baadaye na laptopu za jamaa zao.

Kuosha nimekulia ndani yake. Nyumbani kwetu ni Malinya, na baba yangu ni mchimbaji wa dhahabu, wa yale mashimo madogo ya sururu na kamba. Udongo ukitoka chini husagwa, ukatiwa kwenye karai, ukaongezwa maji, kisha ukazungushwa polepole. Matope huondoka, kilicho kizito hubaki. Baba ni mtu wa kufoka kwa kila jambo, kuanzia chai iliyopoa hadi kuku walioingia jikoni, ila akishika karai hugeuka mtu mwingine. Hapo haongei, hapumui kwa nguvu, na mtu akimharakisha hamjibu. Mimi ufokaji nimeurithi wote, na bahati nzuri utulivu wa karai nao nimeupata.

Nilipokuja mjini kujifunza ufundi nilikuta watu wanaogopa maji na kuamini moto. Laptopu ikikataa kuwaka, bloa inatolewa, lile bomba la kupuliza hewa ya moto, na chipu zinachomwa moja baada ya nyingine bila mtu kupima chochote. Wakati mwingine mashine huwaka kwa siku chache, fundi anasifiwa, halafu inakufa kabisa na bodi imeshapinda kwa joto. Hicho ndicho kitu kinachonitia hasira kuliko vyote katika ufundi huu. Kupima hakuchoshi. Unashika mita, unagusa hapa na pale, bodi yenyewe inakuambia wapi pana shoti na wapi hapana. Lakini mita haitoi moshi wala sauti, na mteja aliyesimama mbele yako anataka kuona kitu kinafanyika.

Sasa, kuna mama mmoja wa Matungu, kule kwenye mashamba ya miwa.

Alikuja Ramadhani ikiwa imekaribia, amebeba laptopu yake imeviringishwa kwenye leso, na leso iko ndani ya mkoba, na mkoba ameukumbatia kifuani.

"Asalaam aleikum."

"Waleikum salaam, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Aliniangalia mikono kwanza, halafu meza yangu, halafu tena mikono. Nilijua anatafuta fundi yuko wapi, nikajiandaa na jibu langu. Lakini yeye aliuliza jingine kabisa: "Wewe ndiye unaoshanga?"

Nikamwambia ndiye mimi.

Ndipo alipokaa na kunieleza. Kazi yake ni kutarizi kanzu na kofia kwa cherehani ya kompyuta. Michoro ya shingo, ya mikono na ya kifua huichora mwenyewe kwenye laptopu, kisha huipeleka kwenye cherehani kwa flashi. Alikuwa akifanyia kazi hiyo nyumbani kwa kaka yake, kwa sababu kaka ana kiwanda kidogo cha sukari nguru na umeme wake ni wa kutegemewa. Siku moja mgeni aliletewa bilauri ya juisi ya miwa, akaitua mezani vibaya, na juisi yote ikamiminikia kibodi.

"Nikapiga kelele, kaka akaja mbio," alisema. "Akasema isiguswe, yeye anajua kukausha vitu."

"Akaikausha wapi?"

Mama akainamisha kichwa. "Aliiweka kwa ukuta wa tanuri. Pale karai la miwa linachemkianga."

Mwenzangu wa simu aliacha kazi yake akageuka kutuangalia. Mimi nilijizuia nisicheke, nikashindwa. Jamaa alikuwa amefanya kitu kimoja tu anachokijua maishani, nacho anakijua vizuri: kuchukua juisi ya miwa na kuiweka motoni mpaka igande. Alikuwa amepika sukari nguru ndani ya laptopu ya dada yake. Mama mwenyewe aliponiona nacheka alianza kucheka pia, kicheko kikakatikia njiani, na macho yakamjaa maji.

"Halafu mkaiwasha," nikasema.

"Tuliiwasha tuone kama imepona."

Hilo kila mtu hulifanya. Kitu kikiingia majimaji, mkono wa binadamu hauwezi kutulia mpaka ubonyeze kitufe cha kuwasha. Laiti wangechomoa chaja, wakaizima na kuniletea ikiwa bado mbichi, ningekuwa na kazi ya asubuhi moja. Ilipokataa kuwaka waliipeleka kwa fundi mmoja wa sokoni, akaifungua, akaipangusa kwa spiriti, akawaambia bodi imekufa, wanunue laptopu nyingine.

"Laptopu nyingine nitapata," mama alisema. "Shida yangu ni michoro."

Nilimuuliza kama ana nakala mahali popote, kwa flashi au kwa simu ya mtu. Akatikisa kichwa. Alikuwa amekataa makusudi. Mwanzoni mwa biashara yake alimpa mtu wa karibu mchoro mmoja wa shingo ya kanzu, na baada ya muda mfupi akauona umevaliwa na watu ambao hakuwahi kuwashonea. Tangu siku hiyo kila mchoro aliutia kwenye flashi wakati wa kushona tu, kisha akaufuta. Vyote alivyowahi kubuni vilikuwa ndani ya mashine hii, tangu alipoanza akiwa msichana.

Nikaifungua. Laptopu yake ilikuwa ya zile nyembamba ambazo hazina diski ya kuchomoa. Kumbukumbu yote imechomelewa kwenye bodi yenyewe. Nilimwonyesha kwa ncha ya kibano: michoro yako imelala hapa, ndani ya hiki kidude cheusi, na njia ya kuifikia ni bodi kuamka. Hakuna kuitoa na kuitia kwingine kama kadi ya simu.

Akakitazama kile kidude. "Watu wa Idi wameshaanza kuniita," alisema. "Lakini hata si Idi. Nikipoteza hiyo, mimi si mtarizi tena. Ni mtu wa kuendesha cherehani tu."

Nilimwelewa hadi kwenye mifupa, kwa sababu hata mimi ukininyang'anya vitu vyangu vyote nitasimama tena, ila ukininyang'anya kile ninachojua nitabaki mtu wa kukaa tu kwenye kiti cha fundi.

Ile bodi ilikuwa aibu tupu. Juu palikuwa pamepanguswa panang'aa, kazi ya yule wa sokoni. Lakini chini ya chipu kubwa, pale kitambaa kisipofika, palikuwa na gundi ya rangi ya kahawia, na sisimizi walikuwa wamejitengenezea njia yao kupitia tundu la chaja. Mwenzangu alisogea, akachungulia, akasema, "Hiyo ni ya bloa. Pasha hiyo chipu, sukari iungue, iishe."

"Sukari ikiungua inakuwa nini?"

"Inakuwa makaa."

"Na makaa yanapitisha umeme au hayapitishi?"

Akarudi kwenye simu zake.

Spiriti haiyeyushi sukari. Atakayenibishia atie kijiko cha sukari kwenye spiriti akoroge mpaka mkono uchoke, ataikuta sukari yake pale chini. Kwa mafuta, kwa jasho, kwa uchafu wa kuchomelea, spiriti ni dawa. Kwa soda, chai na juisi ya miwa, dawa ni maji. Na sukari inayobaki chini ya chipu haikai bure. Huvuta unyevu wa hewa, na mvua za Kakamega zinavyonyesha, hewa haikosi unyevu. Bodi huendelea kuliwa taratibu hata ukiifungia kabatini.

Nilipochukua karai na kuanza kumimina maji, mama alisimama.

"Maji tena?"

"Maji."

"Dada, maji ndiyo yameniua."

"Si maji, mama. Ni sukari."

Alinyoosha mkono kuichukua bodi yake. Sikumzuia, ni mali yake. Aliishika kwa pembe mbili, kwa uangalifu kuliko mafundi wengi ninaowajua, na nikaona kwamba kweli ataondoka. Roho iliniuma. Nilijua akitoka na bodi ile, kwa yeyote atakayeipeleka, atakutana na bloa. Nikamuuliza jambo moja tu.

"Kaka yako akimaliza kupika, lile karai la sukari nguru analioshanga na nini?"

Akafikiri. "Maji ya moto."

"Hajawahi kutumia spiriti?"

Midomo yake ilicheza kidogo. Akairudisha bodi mezani, akavuta kiti karibu na karai, akasema, "Basi tuoshe."

Maji yangu si ya mfereji. Huyanunua kwenye kituo cha petroli, yale yasiyo na chumvi ambayo watu wa magari hutia kwenye betri. Nilichomoa kila kinachochomoka, hadi kile kibetri kidogo cha saa, kwa sababu bodi yenye chembe ya umeme ukiitia majini ndipo unaiua kweli. Maji yakapata uvuguvugu, nikailaza, nikaiacha iloe. Baada ya muda yakaanza kugeuka rangi ya chai hafifu. Nikasugua, nikamwaga, nikatia mengine, nikatikisa karai taratibu ili maji yaingie chini ya chipu na kutoka. Mama alitaka kuchovya kidole aonje kama utamu umepungua, nikampiga mkono kabla sijakumbuka kwamba ni mtu mzima na ni mteja.

"Kuna madini ya risasi humo, mama, ni sumu! Haionjwi."

"Sasa utajuaje imeisha?"

Nikamwonyesha. Kila ninapomwaga maji, nayaweka kidogo kwenye kisosi nje ya mlango, pale sisimizi wanapopita. Wakikizunguka kisosi, sukari ingalipo. Wakipita zao, tumemaliza. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo, nililiona mwenyewe, na nimelitegemea tangu hapo. Mama alihamisha kiti chake hadi mlangoni akawa msimamizi wa sisimizi. "Bado wanakunywa," aliniambia. Baadaye, "Bado wawili wakaidi." Mwishowe akaangalia kwa makini, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza mwezi umeonekana, "Wamepita!"

Hapo ndipo nikatumia spiriti, kuyafukuza maji. Nikaianika bodi mbele ya feni, si juani wala karibu na moto, nikamwambia aende nyumbani kwa siku chache. Alikwenda kwa shingo upande. Kila asubuhi alipiga simu. "Imekauka?" "Bado, mama." "Lakini jua limewaka." "Mama, jua ni la mahindi." Alicheka, akakata, na kesho yake akapiga tena.

Aliporudi, nilipima mbele yake. Hapakuwa na shoti popote. Nikaunganisha umeme kutoka kwa mashine yangu ya mezani, ile ninayoweza kuibana isitoe mwingi, ili kama pana kosa bodi isiungue. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Hakuna taa, hakuna feni, sindano ya kipimo cha umeme haikutikisika. Mama alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga. Mwenzangu aliita kutoka upande wake, kwa upole safari hii, "Jaribu basi kupasha kidogo tu."

"Sipashi kitu ambacho sijui kina nini."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa na hofu, nakiri wazi, lakini hofu si sababu ya kushika bloa. Niliiweka bodi chini ya hadubini nikaanza kuikagua kando ya zile chipu kubwa, mahali sukari ilikuwa nyingi. Nilikagua mpaka macho yakaanza kunidanganya, vile vijia vya shaba vinavyopitisha umeme vikawa vinaogelea. Nikajinyoosha mgongo.

"Naweza kuangalia?" mama akauliza.

Nilimpisha kwa sababu nilitaka kupumzisha macho, si kwa sababu nilitegemea lolote. Aliinama, halafu akavuta pumzi. "Kumbe ni tarizi," alisema. Nikamfundisha kusogeza bodi kwa ncha ya kidole, naye akawa anasogea pole pole, akifuata vijia vile safu kwa safu kama anavyokagua kazi iliyotoka kwenye cherehani yake, huku midomo ikicheza. Sikumharakisha.

"Hapa," akasema. "Hizi nyuzi zinakuja zimeandamana. Zote zinakunja kona sawa. Hii moja inafika hapa inapotea, halafu inaanza tena mbele. Hiyo ndiyo ilivyochorwa?"

Nikaangalia. Ilikuwa pembeni kabisa, kwenye kivuli cha soketi ya plastiki, mbali na mahali nilipokuwa nimeng'ang'ania. Kijia chembamba kilikuwa kimeliwa, pengo dogo la kijani kibichi katikati. Nikagusa kwa mita huku na huku: kimekatika. Nilipofuatilia kinakokwenda, kilikuwa kinatoka kwenye kitufe cha kuwasha. Bodi haikuwa imekufa. Tulikuwa tunaiita na sauti haifiki.

Nilipiga kelele ya furaha mpaka muuza viatu wa chumba cha pili akachungulia. Nilimkumbatia mama yule wa watu bila kuomba ruhusa.

Nikakwangua pande mbili za pengo mpaka shaba ikang'aa, nikachukua uzi wa waya kutoka kwenye spika iliyokufa, mwembamba kuliko unywele, nikaulaza na kuuchomelea. Mama alikuwa begani kwangu. "Usiuvute. Ukiuvuta utakatika."

"Mama, acha nifanye kazi."

"Nakwambia tu. Uache ulegee kidogo."

Nikauacha ulegee kidogo. Alikuwa sawa, na mimi ningefanya hivyo hivyo bila kuambiwa, lakini sikumwambia.

Nikarudisha bodi, kila skrubu kwenye tundu lake, maana skrubu ndefu ikienda kwa tundu fupi hutoboa bodi nzima kwa chini na kazi yote inakuwa bure. Kibodi kilikuwa kimekwisha, nikamwekea kingine nilichokitoa kwenye mashine kuukuu. Betri mwisho. Nikamwambia abonyeze yeye.

Akasema bismillahi, akabonyeza. Taa. Feni ikavuma. Kioo kikaja.

Hakulia, na mimi pia sikulia. Alifungua michoro yake mmoja mmoja, kwa mpangilio anaoujua yeye: mizabibu, mwezi na nyota, vifundo vya shingo vinavyozunguka bila mwanzo. Vilikuwa vizuri ajabu. Kwenye mmoja alisimama akakunja uso. "Huu ulikuwa mbaya tangu zamani. Huu ungepotea nisingekasirika." Mwenzangu alikuja kutazama, akatazama na ule uzi wa waya kwenye picha niliyokuwa nimeipiga, akanipa mkono kama mtu anavyompa mkono bwana harusi. Niliupokea kwa kifua mbele. Nilistahili, na nilijua ninastahili, na siku ile sikuona haja ya kujifanya mnyenyekevu.

Halafu nikamwambia kile ninachowaambia wote: asitoke mlangoni bila nakala. Nilitarajia abishe. Alinunua flashi mbili dukani mkabala na sisi, akanakili michoro yote kwa ya kwanza, akaitia kwenye mkoba. Akanakili kwa ya pili. Hiyo akaishika mkononi akiiangalia, kisha akaninyooshea.

"Hii utaniwekea."

"Mama, mimi sikai na vitu vya wateja. Mpe kaka yako."

"Kaka yangu ataianika kwa tanuri." Hakuwa anacheka. "Nimekaa hapa nikikuangalia ukishika kitu changu. Weka."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ipo kwenye droo ya chini, nimeifunga kwenye kitambaa kikavu, na sijawahi kuichomeka kwenye mashine yoyote.